Shajara ya vipimo vya watoto: tangu barua ya mahojiano hadi visa ya Marekani

Siku ya 1

Barua ya mahojiano imefika leo asubuhi. Baada ya wiki sita na ushei, siku ya 45 kwa hesabu ya shajara hii, sote watano tutakuwa mbele ya ofisa wa ubalozi wa Marekani. Kaka yangu, raia wa huko, ndiye aliyetuombea visa ya kuhamia. Foleni ya ndugu wa raia hupita miaka 10, na ombi lake lina umri mkubwa kuliko watoto wangu wote watatu. Alipolijaza nilikuwa sijaolewa. Leo jina langu limefuatwa na majina manne mengine, nami nimeyasoma moja moja kwa kidole kuhakikisha hakuna herufi iliyokosewa.

Kabla ya mahojiano kuna vipimo vya afya. Vinafanywa na daktari aliyeteuliwa na ubalozi peke yake. Daktari wetu wa siku zote, anayewajua watoto tangu walipozaliwa, hawezi kuvijaza. Kila mtu ana faili lake, hata anayenyonya.

Naandika kwa sababu nimetafuta maelezo ya vipimo vya watoto kwa Kiswahili nikapata vipande vipande, na vingi vinawahusu watu wazima. Watoto wangu ni hawa: kifungua mimba ana miaka 7, wa kati anatimiza miaka 2 siku ya 27, kitinda mimba ana miezi 4. Majina yao nayaacha.

Siku ya 3

Nimetandaza kadi tatu za kliniki kitandani. Ya kitinda mimba bado inang'aa. Ya wa kati imekunjwa lakini inasomeka. Ya kifungua mimba iliwahi kunyeshewa, na wino wa ukurasa wa pili umesambaa mpaka sehemu moja nzima imekuwa doa la bluu.

Kwa mtoto mdogo nimeona kazi kubwa ni hii kadi. Mtu mzima anafikiria eksirei na damu, lakini faili la mtoto ni chanjo kwanza, na fomu ya chanjo ya Wamarekani, DS-3025, haijapangwa kama kadi zetu. Ile sindano ya pamoja, pentavalenti, kwenye kadi yetu ni mstari mmoja. Kwao inagawanyika: dondakoo, kifaduro na pepopunda mstari mmoja, homa ya ini aina ya B mstari wake, na Hib, bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo, mstari wake. Kwa hiyo mtoto anayeonekana ana chanjo chache kumbe anazo nyingi, ukijua kuzisoma.

Surua imenipa kazi zaidi. Watoto wangu wote wakubwa walichanjwa surua wakiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Marekani huhesabu dozi ya surua iliyotolewa kuanzia mwaka mmoja kwenda juu. Ile ya miezi 9 ilimkinga mtoto wakati anaihitaji, ila kwenye fomu yao haihesabiki. Inabaki ya miezi 18, nayo ni ya surua na rubela, haina matumbwitumbwi. Wao wanataka ya magonjwa yote matatu pamoja. Bora nimejua leo kuliko kujulia mezani kwa daktari.

Jambo jingine dogo ni tarehe. Sisi tunaanza na siku, wao wanaanza na mwezi. 4/11 kwangu ni tarehe nne Novemba, kwao ni Aprili kumi na moja. Nimechukua karatasi nyeupe nikanakili chanjo zote za kila mtoto, mwezi nikiuandika kwa neno.

Siku ya 5

Nimekwenda kliniki alikochanjwa kifungua mimba. Nesi ametafuta rejista ya mwaka ule, akapata jina lake, akaandika kadi mpya na kugonga muhuri. Saa mbili zimekwisha hapo. Doa la bluu limepata majibu.

Siku ya 6

Nimepiga simu kituo cha vipimo kupanga miadi. Wana nafasi siku ya 20, na nyingine siku ya 38.

Nilimuuliza dada wa mapokezi: mtoto anayekaribia kutimiza miaka 2, umri wake unahesabiwa siku gani? Akasema siku anayoonwa na daktari. Nikauliza tofauti ni nini. Akanieleza kwa utulivu, na ninanakili alivyosema kwa sababu ni jambo la msingi: katika nchi ambazo kifua kikuu kinakadiriwa kufikia watu 20 au zaidi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na yetu imo, kila mtoto aliyetimiza miaka 2 hutolewa damu ya kipimo cha kifua kikuu kiitwacho IGRA. Chini ya miaka 2, asipokuwa na dalili na asipokuwa amekaa na mgonjwa, daktari anamkagua mwili na kuuliza historia yake tu. Kuanzia miaka 15 eksirei ya kifua ni lazima kwa kila mtu.

Nikaona siku ya 20 imetufaa. Wa kati atakuwa bado hajafikisha miaka 2, na ile damu itamwepuka. Nakiri hilo ndilo lililonifurahisha. Mtoto yule akiona tu koti jeupe anapanda begani kwangu kama paka. Nimeweka miadi ya siku ya 20 kwa familia nzima.

Siku ya 9

Kifungua mimba amerudi shuleni na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimepakwa wino wa zambarau. "Tumechomwa sindano ya surua, mama, mimi sikulia."

Kumbe wiki iliyopita fomu ya ruhusa ya kampeni ya chanjo ilikuja ndani ya begi, baba yao akaisaini. Alifanya sawasawa, hata mimi ningeisaini. Usiku ndipo nikakumbuka kwamba mtoto wa miaka 7 naye anatolewa damu ya IGRA, nikawa na wasiwasi sijui kwa nini. Kesho nitauliza.

Siku ya 10

Wasiwasi ulikuwa na sababu. Nesi wa kituo amenifafanulia: chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa. IGRA haimtafuti mdudu wa kifua kikuu mwenyewe, inasikiliza jinsi askari wa mwili wanavyomwitikia wakikutanishwa na vipande vya protini vyake ndani ya chupa. Chanjo hai inaweza kuwapoza askari hao kwa wiki kadhaa, kipimo kikatoka safi wakati si safi. Damu inatolewa siku ileile ya chanjo, au inasubiri wiki nne.

Chanjo alipata siku ya 9. Wiki nne ni siku ya 37. Siku ya 20 imekufa.

Na kuna jambo la pili linalokwenda sambamba. Chanjo hai mbili zikipishana siku ni lazima kati yake zipite siku 28. Kwa hiyo hata ile ya surua, rubela na matumbwitumbwi anayoidai isingeweza kutolewa siku ya 20. Wanaosoma hapa wenye watoto wa shule: uliza kuhusu kampeni za chanjo kabla ya kupanga tarehe. Usimzuie mtoto asichanjwe, surua inaua watoto. Panga tarehe kuizunguka.

Siku ya 11

Baba yao alipendekeza tuwagawe: wadogo wawili waende siku ya 20, sisi na mkubwa twende siku ya 38. Nilikuwa upande wake kabisa. Kituo kimekataa, familia yenye namba moja ya faili inaonwa pamoja. Tumehamishiwa siku ya 38. Siku hiyo wa kati atakuwa na miaka 2 na siku 11.

Mahojiano ni siku ya 45. Majibu ya damu huchukua siku kadhaa. Nafasi iliyobaki ni nyembamba, lakini ipo.

Jioni nilimtazama wa kati akirundika vikopo na kuviangusha, nikajisikia nimemsaliti kwa kuchelewa. Naandika hisia hiyo kama ilivyo. Nitairudia.

Siku ya 19

Hakuna mengi. Pasipoti zote tano ziko pamoja, picha zimepigwa. Ya kitinda mimba imechukua muda kuliko zote nne, shingo bado haimtii vizuri. Nimehakikisha jina kwenye kila kadi ya kliniki linafanana na la pasipoti. La wa kati lilikosewa herufi moja, nimelirekebishia kliniki kwa muhuri.

Siku ya 24

Mazoezi. Nimeamua kutowaambia uongo. Nilipokuwa mdogo niliambiwa "hauchomwi, tunakwenda kutembea tu", na mpaka leo nakumbuka njia ile, kona kwa kona. Kifungua mimba nimemwambia: utatolewa damu, itauma kidogo kama kubanwa na kibanio cha nguo, halafu itaisha, halafu kuna sindano za chanjo begani. Ameuliza ngapi. Nimesema mbili, labda tatu. Amefikiri, akaniambia, "Sawa, lakini wewe ushike mkono huu mwingine."

Kwa wa kati maneno hayatoshi. Tunacheza. Mwanasesere anapakatwa, ananyoosha mkono, tunaufunga kitambaa, tunahesabu mpaka kumi, tunafungua, tunapiga makofi. Siku ya kwanza alimnyang'anya mwanasesere na kumficha. Leo amenyoosha mkono wake mwenyewe. Nilimshika kifua kwa kifua, miguu yake imezunguka kiuno changu, mkono mmoja uko nje. Nesi wa kliniki ndiye aliyenifundisha mkao huo. Mtoto anayelazwa chali na kukandamizwa hupigana kwa hofu, aliyekumbatiwa amekaa hutulia mapema.

Siku ya 27

Wa kati ametimiza miaka 2. Tumemwimbia.

Siku ya 38

Vipimo. Nimechoka lakini naandika usiku huuhuu kabla sijasahau.

Tulifika mapema. Hakuna aliyefunga kula, IGRA haihitaji njaa, na tangu jana nimewanywesha maji mengi ili mishipa ijae. Pasipoti zilikaguliwa, kila mtoto akapigwa picha pale kaunta. Uzito, urefu, na kwa kitinda mimba mzunguko wa kichwa.

Daktari alianza na mdogo. Nguo zote zilivuliwa isipokuwa nepi, na nepi yenyewe ikafunguliwa mwisho kwa muda mfupi, mimi nimesimama palepale. Alisikiliza moyo na mapafu, akabonyeza tumbo, akazungusha nyonga, akamwangalia macho kwa tochi. Aliuliza kama amewahi kulazwa, kama anakohoa, kama kuna mtu nyumbani anayekohoa kwa muda mrefu. Swali hilo la mwisho aliliuliza kwa kila mtoto, kwa maneno yaleyale. Kisha akafungua karatasi yangu ya chanjo yenye miezi iliyoandikwa kwa maneno, akasema, "Ahsante, mama, umeniokoa." Nimefurahi kuliko nilivyotarajia.

Kitinda mimba hakuchomwa sindano hata moja. Chanjo zake zote za wiki 6, 10 na 14 zipo, na zilizobaki kwenye fomu zimeandikwa kwamba umri wake haujafika. Wazazi wengi hudhani ni lazima mtoto amalize kila chanjo kabla ya visa. Sivyo. Anapewa dozi anayostahili siku hiyo, na zinazohitaji kusubiri muda zinaandikwa hivyo, anaendelea nazo akishafika.

Kifungua mimba aliulizwa kuhusu tetekuwanga. Aliugua mwaka juzi, makovu mawili bado yapo juu ya kitovu. Daktari ameikubali historia hiyo, chanjo ya tetekuwanga imeachwa. Hib na nimonia zimeachwa pia, ameshavuka miaka 5. Zimebaki mbili: ya surua, rubela na matumbwitumbwi, na ya pepopunda, dondakoo na kifaduro. Wa kati naye mbili: hiyo ya magonjwa matatu, na tetekuwanga. Zote mbili ni hai, kwa hiyo zimetolewa siku moja, mapaja mawili.

Damu ilitangulia chanjo. Nesi aliweka mezani chupa nne ndogo, vifuniko vyake vya kijivu, kijani, njano na zambarau, kila moja inataka mililita 1 ya damu. Mkubwa alikwenda kwanza, alinishika mkono kama alivyoahidi, akatazama ukutani. Nesi alipomaliza akachukua kila chupa na kuitikisa juu chini mara kumi, ili damu iguse dawa iliyopakwa ndani ya kuta zake. Kifungua mimba alisahau maumivu akaanza kumhesabia kwa sauti: moja, mbili, tatu.

Wa kati. Nilimpakata kifua kwa kifua. Alinyoosha mkono kama nyumbani, mwenyewe, nami moyo ukanipasuka. Sindano ya kwanza haikupata mshipa. Alilia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, si cha hasira, ni cha kuuliza. Nesi akaacha. Hakumng'ang'ania. Aliufunika mkono kwa kitambaa cha uvuguvugu, akangoja dakika kadhaa, akajaribu mkono wa pili, damu ikatoka polepole. Tulipofika chupa ya njano kaka yake akaanza kuhesabu, na mdogo wake kati ya kwikwi akaitikia "kumi!" kabla ya wakati. Ndilo neno la hesabu analolijua vizuri.

Sisi wakubwa tulipita haraka: eksirei, damu, chanjo. Tumetoka saa nane mchana. Eksirei zetu sote wawili ni safi.

Siku ya 43

Simu imekuja nikiwa nafua. Kifungua mimba: hasi. Wa kati: chanya.

Nilikaa chini pale pale. Nikamwambia nesi, "Lakini amechomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, kovu lipo." Akajibu kwamba kile kipimo cha kuchoma kwenye ngozi ndicho huchanganywa na BCG, hiki cha damu hakichanganywi nayo, na ndiyo sababu wanakitumia kwa watoto wa nchi zetu. Kesho saa mbili asubuhi eksirei.

Sijalala vizuri. Nimepitia kila mtu aliyempakata mwanangu tangu azaliwe.

Siku ya 44

Picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni, kwa watoto wadogo huchukua zote mbili. Alivalishwa aproni ya madini ya risasi ya kuzuia miale, iliyomfika magotini. Daktari alimkagua tena, shingo, kwapa, tumbo, akalinganisha uzito na kadi ya kliniki mwezi kwa mwezi. Hana kikohozi, hana homa za jioni, uzito unapanda.

Eksirei ni safi.

Daktari ametuketisha na kutueleza bila haraka. Mwanangu haumwi kifua kikuu. Vimelea viliingia wakati fulani, mwili wake ukavifungia, vimelala. Hawezi kumwambukiza mtu, wala kitinda mimba ninayemlaza naye kitanda kimoja. Nilimwomba alirudie hilo la mwisho, akalirudia. Kwenye faili linaandikwa daraja B2, nalo halizuii visa. Tukishafika Marekani, idara ya afya ya tunakokwenda hupewa taarifa ili afuatiliwe. Kama eksirei ingekuwa na kivuli cha kutilia shaka, angetakiwa kutoa makohozi siku tatu za kazi mfululizo na kusubiri mpaka wiki 8 vioteshwe maabara, na safari ya sote ingesimama.

Halafu akasema jambo ninaloliandika kwa mkono unaotetemeka. Mtoto wa chini ya miaka 5 akiwa na vimelea vilivyolala, hatari ya kuamka ni kubwa kuliko ya mtu mzima, na vikiamka kwa mdogo hivi vinaweza kwenda mpaka kwenye utando wa ubongo. Dawa ya kuzuia ipo. Inafanya kazi.

Siku ya 20 angekaguliwa tu. Hakuna kikohozi, uzito mzuri, daktari angetia saini. Nilitaka iwe hivyo. Nilihuzunika ilipoharibika. Wino ule wa zambarau kwenye kidole cha kaka yake ndio uliotufikisha kwenye zile chupa nne.

Siku ya 45

Mahojiano. Ofisa alikuwa na maswali machache, kuhusu kaka yangu, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Majibu ya vipimo yalikuwa hayajamfikia. Ametupa karatasi inayosema maombi yetu yamesimama yakisubiri ripoti ya daktari. Zamani ningezimia kwa karatasi ile. Leo niliikunja nikaiweka kwenye begi pamoja na chupa ya maziwa ya mtoto.

Siku ya 46

Tumewapigia simu wote waliowahi kukaa na wa kati kwa muda mrefu, ndugu na wasaidizi. Tumewaeleza hatumlaumu mtu, tunawaomba wapime. Wawili wameshakwenda. Mmoja alilia kwenye simu, nikalia naye. Hakuna anayejua vilitoka wapi, na huenda hatutajua.

Siku ya 49

Kituo kimetuma ripoti ubalozini kwa mtandao. Tumepewa nakala za fomu za chanjo, na nimetengeneza nakala mbili zaidi za kila mtoto. Shule za huko humwomba mzazi rekodi hiyo siku ya kuandikisha. Nimeziweka kwenye mkoba wa mkononi, haziingii kwenye sanduku la kupakia.

Siku ya 51

Dawa ya kuzuia si sharti la visa. Daktari alisema tungeweza kusubiri aanze tukifika. Tumeamua aanze hapa, kwa daktari wetu wa siku zote, yule anayemjua. Ni rifampisini na isoniazidi katika kidonge kimoja cha watoto kinachoyeyuka majini, kila siku kwa wiki 12. Vipimo vyetu vinatumika kwa miezi 6 tangu siku ya 38, na visa hufuata muda huo. Nimehesabu kwenye kalenda mara tatu. Dozi ya 84 inaangukia siku ya 134, miezi 6 inaisha takriban siku ya 220. Kaka yangu alikuwa ameshaanza kutafuta tiketi za mwezi ujao. Nimemwambia, "Kaka, tumesubiri tangu sijaolewa. Acha mpwa wako mdogo amalize dawa." Akanyamaza, kisha akasema, "Amalize."

Siku ya 52

Nepi ya asubuhi ilikuwa ya rangi ya chungwa iliyokolea. Daktari alinionya kuwa rifampisini hufanya hivyo, mkojo na hata machozi, na haina madhara. Hata hivyo nilisimama nayo dirishani kwa muda. Kifungua mimba alikuja akachungulia, akasema inafanana na kalamu yake ya rangi.

Siku ya 58

Visa zimetoka. Pasipoti tano, vibandiko vitano. Nilizifungua kuanzia ya mdogo kwenda ya mkubwa. Tarehe ya mwisho ni ileile kwa wote watano.

Siku ya 64

Dozi ya 14. Kidonge naweka kwenye kijiko, natia maji, tunakitazama kinavyovimba na kuvunjika mpaka maji yanakuwa ya rangi ya matofali. Wa kati ameshika kijiko kwa mikono miwili, mimi nimeshika kwa chini. Kaka yake anahesabu. Amemeza kabla ya kumi, akafungua mdomo kuonyesha hakuna kilichobaki, ulimi umekuwa mwekundu. Kifungua mimba ameweka alama kwenye chati tuliyobandika ukutani. Zimebaki 70.